Ndama Haendi Josho

Ndama wangu alianza kuumwa wiki ile mvua ilipokataa kukatika. Nasema wangu, ingawa wakati huo bado alikuwa wa babu. Mama yake alipokuwa na mimba, babu aliniahidi: akizaa jike, na huyo jike akafika kuachishwa ziwa akiwa hai, ni wako. Kwetu huku upande wa Ziba, binti kupewa ng'ombe wake mwenyewe si jambo la kila siku. Ng'ombe huja nyumbani kwa sababu ya binti, siku ya mahari, kisha wanakuwa wa kaka zake. Kwa hiyo ahadi ile niliishika kama yai.

Kila asubuhi nilikuwa nakamua huku akili iko mbali. Kichwani mwangu ndama alikuwa ameshazaa, watoto wake nao wameshazaa, na mimi nina kibanda cha mtindi pale stendi ya Igunga, masufuria yanang'aa, madereva wa malori wananijua. Babu ndiye aliyekuwa akinirudisha zizini.

"We mwanamke, maziwa yanaingia kwenye ndala."

Asubuhi hiyo nilimfungulia ndama kama kawaida. Ng'ombe wetu wa kienyeji hawashushi maziwa mpaka mtoto aguse chuchu kwanza. Anaanza yeye, unamvuta pembeni, unakamua, halafu unamrudishia fungu lake. Siku hiyo alijikokota mpaka kwa mama yake, akasimama, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake kama mtu aliyefika msibani. Hakunyonya. Nilimshika sikio, nikalikuta la moto. Chini ya sikio, pale shavu linapoishia, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau.

"Babu, njoo uone."

Babu alikuja, akaupapasa ule uvimbe.

"Ndigana," alisema. "Washa moto."

Sikuuliza moto wa nini. Kwetu ukiingia karibu kila zizi utakuta ng'ombe mwenye kovu chini ya sikio. Ndama akishikwa na ndigana, homa ya kupe, akavimba tezi, chuma kinatiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha kinabandikwa juu ya uvimbe ili ugonjwa utoke. Babu alifundishwa na baba yake, na amechoma wengi. Wapo waliopona. Waliokufa, watu husema walicheleweshwa kuchomwa. Wala si ukatili. Babu yangu ni mtu anayempulizia paka uji ili usimuunguze.

"Babu, nimpigie bwana mifugo kwanza."

"Mpigie. Akifika atakuta tumeshamaliza."

Nilikwenda kupanda kichuguu, maana bila kichuguu simu kwetu haishiki. Bwana mifugo alisema yuko kijiji cha jirani, anakuja, ila mbuga imejaa matope na pikipiki inateleza kama sabuni. Tumweke mgonjwa kivulini, tusimpe kitu.

Nilirudi nikawasha moto, kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa. Ila kuni nilichukua zile zilizonyeshewa. Babu aliutazama moshi, akanitazama mimi.

"Huu moto au unafukiza mbu?"

"Mvua, babu."

"Mvua," alisema, akaketi kwenye kigoda chake kusubiri chuma kipate moto. Mimi nilikaa chini na kichwa cha ndama mapajani, nikawa namtoa kupe masikioni. Walikuwa wamejaa kwa ndani, wadogo, wa kahawia, wamebanana kama punje za ulezi. Ndama hakutikisa hata sikio. Hilo ndilo lililonitisha. Ndama mzima ukimgusa sikio anakupiga kichwa.

Chuma kilikuwa kimeanza kubadilika rangi tuliposikia pikipiki. Bwana mifugo wetu ni kijana wa Kizaramo aliyepangiwa kazi huku. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani hadaiwi adabu. Akikufanyia la kukuudhi na wewe ukakasirika, basi mwenye kosa ni wewe.

"Mwangaluka, mtani," alitusalimu Kinyamwezi, kwa lafudhi yake ya pwani ambayo hunichekesha kila mara. Matope yalikuwa yamemfika magotini.

"Mwangaluka," babu alimjibu. "Umekuja na pikipiki au umeogelea?"

"Nimeogelea. Si kama babu zenu, walitembea kutoka hapa mpaka kwetu, wakaiona bahari wakauliza mpunga unapandwa lini."

"Na ninyi mlikuwa mmekaa tu kwenye minazi mnatungoja tufike ndipo mle."

Walicheka wote wawili. Kisha bwana mifugo akauona moto. Alikishika chuma kwa mpini wake wa mti, akakichomoa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya mbuzi. Kilipomaliza kulia, alikwenda kukifunga kwenye keria ya pikipiki kwa mpira.

"Nimekiteka," alisema. "Utakikomboa kwa jogoo, nikija kumwangalia mgonjwa. Ndama akifa nakirudisha bure, na unichome mimi."

Ningefanya mimi hivyo, ningekuwa nimemvunjia mzee heshima, na babu angechoma hata kama moyo wake umeshasita, kwa sababu mzee harudishwi nyuma na mjukuu. Lakini huyu alikuwa mtani. Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Wezi wa pwani ninyi," alisema, akasogeza kigoda chake mbali na moto.

Bwana mifugo alimpima ndama joto, akamkagua macho na fizi, akapapasa tezi za begani. Alisema tumewahi, ila asingeapa. Alimchoma sindano ya dawa nyekundu shingoni, kisha akauliza ameogeshwa lini.

Mimi na babu tukatazamana.

"Ndama haendi josho," babu alisema.

Ndivyo tunavyofanya sote. Josho ni shimo refu la maji ya dawa, ng'ombe wakubwa wanarukia ndani kwa vurugu, ndama atakanyagwa au atameza ile dawa. Kwa hiyo mama anaogeshwa, mtoto anabaki nyumbani na kupe wake.

"Asiingie kwenye shimo, sawa," bwana mifugo alisema. "Lakini kupe hawaulizi umri. Mleteni akipona, tutampulizia pembeni kwa bomba."

Akipona. Neno hilo nililala nalo.

Kesho yake homa ilikuwa palepale. Nilimkatia majani mabichi, hakuyatazama. Mama yake alikataa kushusha maziwa, tukanywa chai ya rangi na hakuna aliyelalamika. Babu alipita zizini mara nyingi kuliko kawaida yake, akijifanya anatafuta kamba. Bwana mifugo alirudi, akachoma sindano nyingine, akarudisha chuma, akaondoka na jogoo wetu akiwa amemning'iniza kwenye usukani.

Halafu asubuhi moja nilimfungulia ndama bila kutarajia kitu. Alikwenda taratibu, akanusa, akalishika titi. Kidogo tu kwanza. Kisha akaanza kukigonga kiwele kwa kichwa, mkia unacheza, povu jeupe limemjaa mdomoni. Nilitaka kumvuta nikamue.

"Acha," babu alisema nyuma yangu. Sikujua yupo. "Leo mwachie yote."

Siku ya kuogesha ilipofika tulikwenda naye josho, mimi nimeshika kamba, babu mbele na wale wakubwa. Alikuwa amekonda, mbavu unaziona. Wachungaji waliokuwa wamepanga foleni walimwona kwa mbali.

"Mzee, huyo naye kaja kuogelea?"

"Kaja kuoga. Wewe umeoga lini?"

"Wa nani huyo, mzee?" aliuliza mwingine. "Naona anavutwa na binti."

"Ni wa binti."

"Wa binti kwa kuchunga?"

"Wa kwake," babu alisema kwa sauti ambayo wa mwisho kwenye foleni aliisikia. "Mimi nimemsindikiza tu."

Walinigeukia wote. Ndama alikuwa hajaachishwa ziwa bado, na bomba la bwana mifugo lilikuwa limeshaanza. Nilimshika ndama kichwa, nikamgeuzia pembeni. Dawa ilipomgusa masikioni alijitikisa kwa nguvu, akaniloanisha khanga, kisha akanipiga kichwa cha tumbo mpaka nikakaa kwenye matope.