Swala Amebeba Nini?

Jumamosi asubuhi nilikuwa soko la Gakoromone, hapa Meru, nikichagua ndizi za kupika. Mwanamke ninayenunua kwake siku zote aliweka chini kichane alichokuwa amekishika, akaniambia, "Yule mtu wenu wa kupima magari ameenda. Walizika jana, huko kwao Embu." Hakulia. Alipangusa mikono kwenye leso, akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka huzuni. "Unajua ndizi zangu zimepanda gari mpya kushinda mbunge?"

Alisema kweli. Kwa miaka mingi marehemu aliandika ukurasa wa magari katika gazeti hili, na kila alipoazimwa gari jipya alilitoa nyumbani kwake mtaa wa Dallas, Embu, akalileta hadi Meru. Hapo sokoni alipakia mikungu minane ya ndizi, akampakia na mwenye ndizi, wakashuka hadi Nkubu. Wakati wa kupanda kurudi, alimwachia rafiki yake fundi usukani, naye akahamia kiti cha nyuma na daftari la shule na penseli. Huko nyuma ndiko alikoandika. Mwandiko ukinyooka, springi ni nzuri. Ukipinda, alijua abiria atashuka akishika kiuno, hata kama dereva amefika akipiga mluzi. Alikuwa akisema kwamba anayenunua gari hukaa mbele, na gari husifiwa kutoka mbele, ilhali kwetu nyuma ndiko wanakokaa mama mzazi, watoto na mgonjwa.

Baadaye wauzaji wa magari wakaacha kumwazima, na ukurasa ukapunguzwa hadi ukawa picha na maneno machache chini yake. Siku hizi mapitio ya gari jipya ni kijana aliyevaa miwani ya jua, anazunguka gari lililosimama, anapapasa kioo, anasoma karatasi aliyopewa na muuzaji, kisha anasema ni kali sana. Injini haijapata moto. Simcheki kijana huyo, kwa sababu nami nimekuwa yeye.

Mwaka jana nilialikwa hotelini hapa Meru kuonyeshwa gari dogo jeupe. Tulikula vizuri, tukapewa kofia. Nililiendesha kuzunguka bustani ya hoteli mara mbili, nikiwa peke yangu ndani, nikarudi kwenye chai. Mimi ni mtu wa riwaya, maneno hunijia kabla ya mambo yenyewe. Katika safu hii hii niliandika kwamba linapanda mlima kama swala na kwamba lina nafasi kama sebule. Gazeti lilipotoka, marehemu alinipigia simu.

"Kijana wangu, nimesoma. Umesema swala."

"Ndiyo, mzee."

"Huyo swala amebeba nini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Lakini dada mdogo wa mama yangu, mwalimu huko Nkubu, hakuwa ameona utani wowote. Alikata makala ile, akaibandika ukutani, na baada ya miezi miwili akanunua gari lile. Alilitaka kwa safari moja tu: kumpeleka nyanya yangu kliniki kila Alhamisi. Nyanya alivunjika nyonga, na mguu wake haukunjiki. Lazima akae nyuma, aunyooshe juu ya kiti. Mlango wa nyuma wa gari lile ni mwembamba, na kizingiti chake kiko juu. Alijaribu mara tatu akiwa ameshikwa kwapani, kisha akaomba kiti chake cha uani. Alhamisi hiyo hakwenda kliniki, wala iliyofuata.

Nilimwomba marehemu aje, nikitumaini atapata ujanja wowote. Aliufungua mlango, akaupima kwa shubiri, akaingia na kutoka huku mguu mmoja ameukaza kama gongo. Nyanya alikuwa akimtazama.

"Hii gari ni ya watu hawana magoti," nyanya akasema.

"Ni kweli, cucu," akamjibu. "Na aliyeiandika pia hakuwa nayo siku hiyo."

Tulipofika langoni aliniambia niandike marekebisho. Nikamwambia watu wameshasahau, gazeti la jana hufungiwa nyama. "Mama yako mdogo hakufungia nyama," akasema. "Alibandika ukutani." Nilimwahidi nitaandika wiki ile. Kila alipopiga simu baada ya hapo aliniuliza habari za nyanya, hakuuliza tena habari za makala. Sasa amezikwa, na ahadi yangu bado iko hai.

Wahenga walituambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Marehemu aliifanya methali hiyo kuwa kazi: alilala kitandani kwanza, ndipo akatuambia. Sisi tunasifu godoro tukiwa mlangoni, na tunayemwambia alale ni mtu aliyetuamini.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, haya ndiyo marekebisho. Gari dogo jeupe nililolisifu hapa mwaka jana sikulitoa nje ya lango la hoteli. Sikulipakia kitu. Sikukaa kiti cha nyuma. Yeyote aliyelinunua kwa neno langu, namwomba msamaha, na wa kwanza ni mama yangu mdogo, ambaye sasa humpeleka mama yake kliniki kwa gari la jirani.

Aya hiyo niliiandika Jumatatu, kwa penseli, mama mdogo akiendesha gari lile lile kutoka Nkubu kupanda Meru, nami nimekunjwa nyuma na mkungu mmoja wa ndizi magotini. Alibadilisha gia hadi ya chini kabisa, na bado watu wa baiskeli walitupita. Mwandiko wangu umepinda kiasi kwamba nimetumia jioni nzima kuusoma. Lakini kila neno lililomo nimelikalia.