Waridi Halingoji Jumatatu

Binti yangu alipoachika alirudi nyumbani na mtoto mwenye pumu, akapata kazi ya mkataba kwenye shamba la maua kule chini, karibu na Usa River. Huku kwetu mlimani vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vimegawanywa mpaka kila mtoto wa kiume amebaki na migomba michache. Wa kike hapati hata hiyo. Mkataba ule ndio uliokuwa shamba lake. Ulikuja na bima, na kifua cha mjukuu wangu kikatulia. Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru.

Mwezi wa pili, Wazungu wanapopeana waridi, msimamizi wa shamba aliwataka wafanyakazi waje kazini Jumapili tatu mfululizo. Mimi ni mzee wa kanisa. Mwaka uliotangulia nilisimama katika baraza la wazee nikataka wanaofanya kazi siku ya Bwana wazuiwe kwa muda kushiriki Meza ya Bwana, na wakazuiwa. Ningemfumbiaje macho mwanangu?

Jioni, akikamua, aliniuliza kama ng'ombe naye aachwe Jumapili. Mama yake akacheka. Binti akaeleza kuwa waridi halingoji Jumatatu. Likishafunguka halipandi tena ndege ya kwenda Ulaya. Nikamjibu kuwa ng'ombe akijaa maziwa huumia, ua haliumii. Nilijiona nimejibu vizuri.

"Baba, ukisema nisiende, siendi. Lakini useme wewe."

"Usiende."

Hakwenda. Jumapili zote tatu alikaa kando ya mama yake akaimba sauti ya pili. Mkataba ulipoisha, hawakumpa mwingine. Nilivaa koti nikashuka kumwombea. Msimamizi, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasema hana neno baya juu ya binti yangu. Ila getini kuna watu wanaongoja kazi tangu alfajiri, nao huja siku yoyote. Niliwaona nilipotoka. Wawili kati yao ni wale tuliowazuia mezani. Waliniamkia kwa heshima.

Sasa binti yangu anafanya kibarua kwenye nyanya za watu. Leo kipo, kesho hakipo. Bima imekwisha, na mtoto anapumua kwa filimbi kifuani.

Jumapili moja, kengele ya kwanza imeshalia, nilimkuta uani ameshika jembe. Kuna mtu alikuwa amemwita kibarua. Safari hii hakuniomba ruhusa. Alisimama tu, akaangalia Biblia niliyoibana kwapani.  Nilikwenda nikamfungulia geti. Akapita bila kuinua macho.

Kanisani, tulipoitwa kwenye Meza ya Bwana, nilibaki nimekaa. Mzee mwenzangu aliinama akaniuliza kwa kunong'ona kama magoti yananisumbua.

Nikamwambia ndiyo.