Mstari Ukishuka

Katika chumba cha boila cha kiwanda cha sabuni, hakuna aliyejua kusoma kumshinda fundi mzee wa zamu. Ukutani kuna chombo chenye kalamu inayochora juu ya karatasi ya duara: presha ya mvuke ikipanda, mstari nao unapanda. Boila lenyewe ni kuukuu, limetiwa viraka kama suruali ya mlevi, na kwa miaka ishirini na mbili kazi ya mzee huyo imekuwa kulizuia lisipasuke. Anautazama mstari, anafungua valvu, anangoja ushuke. Ukishuka, watu watarudi kwao wazima. Mafundi vijana humtania: "Mzee, gazeti lako linasemaje leo?"

"Linasema hamna tanzia," huwajibu. "Rudini kazini."

Herufi hakuijua hata moja. Tarakimu alizijua, na jina lake alijifunza kulichora kama mtu achoravyo ufunguo. Nyumbani siri hiyo ilikaa bila taabu. Mkewe naye hakusoma, wana wakubwa walishahama, na mume anayetegemewa kiwandani nani amtilie shaka? Barua ikija, aliitia mfukoni, na kesho yake mlinzi wa geti alimsomea kwa malipo ya sigara moja. Kisha mlinzi yule akastaafu. Aliyemrithi alikuwa na mdomo kama redio.

Mwezi uleule kitinda mimba wao, wa mwaka mmoja, akaanza kukataa chakula. Mama alimpeleka kliniki kupimwa uzito. Kadi za rangi, zenye wekundu wa kuonya hatari, zilikuwa zimeisha, zikawa zinagawiwa nakala za fotokopi, na humo nesi aliweka nukta ya mwezi na kuiunganisha na zile za nyuma. Foleni ilifika hadi barabarani. Nesi aliandika maneno mawili matatu chini ya mchoro, akauliza, "Nyumbani kuna anayesoma?"

"Yupo baba yake. Kazini bila yeye hawawashi mtambo."

"Basi mpe asome. Afanye nilivyoandika, asichelewe."

Jioni baba aliishika kadi karibu na dirisha. Mstari ulipanda miezi minane, ukalala, kisha mwezi ule ukashuka ghafla. Moyo wake ukapoa.

"Vizuri," alisema. "Unashuka."

"Mbona mwepesi, baba watoto? Nikimbeba ni kama nimebeba nguo tupu."

"Si alikuwa analia usiku kucha? Sasa analia?"

"Halii. Ananitazama tu."

"Ndiyo ametulia hivyo."

"Na haya maandishi ya chini?"

Aliyatazama kwa muda wa mtu anayesoma. "Tarehe ya kurudi. Mwezi ujao."

Siku tatu alitembea na kadi mfukoni. Mara mbili alisimama mbele ya mlinzi mpya, na mara mbili akamwomba kiberiti tu. Siku ya nne mama hakumuuliza mtu. Alichomoa kadi kwenye koti la mumewe, akambeba mtoto, akarudi kliniki. Nesi aliisoma kwa sauti, mbele ya foleni nzima: *Apelekwe hospitali kubwa leo hii.*

Mtoto alifika hospitali akiwa hai. Aliishi hadi kesho yake saa sita mchana.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kuondoka, mama alikaa kitandani, naye baba alisimama mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

"Nesi kasema hata kipofu angeulizia," mama alisema. "Wewe ulisoma nini?"

"Mstari."

"Na maneno?"

Alikohoa. "Sijui kusoma, mama watoto."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mama alimwangalia mtu aliyeishi naye miaka yote ile.

"Ungeniambia," alisema. "Mwalimu anakaa mlango wa tatu. Ningebisha hodi."