Raundi ya Sita ya Tonton Feruzi

Ninyi wa rika langu, mliokulia hapa wakati mji wetu ungali ukiitwa Stanleyville, hamna haja nieleze Jumapili zetu zilikuwaje. Wenzetu wakitoka kanisani na viatu vyao mkononi ili visichakae, sisi Waislamu tuliosali Ijumaa tulikuwa bado tunajinyoosha uani. Mchana harufu ya samaki wa kuchoma na lituma ilitoka kila nyumba, ndizi zake zikitwangwa mpaka mchi unasikika mtaa wa pili. Kisha wasichana wote nje, kucheza nzango: kuruka, kupiga makofi, kurusha mguu mbele ya mwenzako huku wimbo ukikimbia. Tukigombana kuhusu pointi hatukumwita mtu mzima. Tulirudia. Kila mmoja mahali pake, wimbo unaanza upya, na anayeshinda anashinda mbele ya macho ya wote. Watoto wa miaka kumi tulilijua jambo hilo. Ndiyo maana nikikumbuka walichomfanyia tonton Feruzi, mpaka leo damu inanichemka.

Tonton Feruzi alikuwa mdogo wake mama, wa baba mmoja na mama mmoja. Alikuwa seremala katika karakana ng'ambo ya mto, Lubunga. Kila alfajiri alivuka kwa pirogi na kila jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, tukimtania kwamba amezeeka kabla ya kuoa. Akishanawa, alianza kazi yake ya pili. Uani kwetu alining'iniza gunia lililojaa makapi ya mpunga, akalipiga mpaka mshono ukapasuka, na papa, baba yangu aliyekuwa fundi cherehani, akalishona tena huku akinung'unika. Kamba yetu ya kuruka aliiazima kila siku, akaruka vizuri kuliko sisi. Mayai mabichi aliyameza mpaka mama akalalamika kwamba kuku wake wamesahau kifaranga kinafananaje. Vijana wa leo nawaona wakijipiga picha mbele ya kioo kabla hawajanyanyua hata ndoo ya maji. Tonton hakuwa na kioo. Alikuwa na kivuli chake ukutani, na hicho ndicho alichopigana nacho mpaka jua likazama.

Ngumi za kulipwa zilikuwa jambo jipya kwetu. Basi iliposikika kwamba bondia wa Léopoldville anapanda mto kwa meli kuja kupigana na Feruzi wetu, na kwamba mshindi ataitwa kule Léo kugombea ubingwa, mtaa mzima ukapata kichaa. Watu walikuja hata kutoka Bengamisa, wengine kwa baiskeli. Ulingo ulijengwa kwenye uwanja wa mpira. Wazungu walikaa mbele, kwenye viti, chini ya turubai. Sisi tulisimama nyuma ya kamba, juani, mama akinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

Mgeni aliitwa Antoine. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, mpole wa uso. Refa alikuwa mzungu mmoja mwenye suruali nyeupe, karani mkubwa katika ofisi fulani mjini. Walisema amejifunza kanuni zote kitabuni.

Pambano lilikuwa la raundi nane. Mbili za kwanza Antoine alimweka tonton mbali kwa ile mikono yake. Ya tatu tonton akapata njia ya kuingia ndani, na alipokwisha kuingia hakutoka tena. Ya tano alimpiga Antoine chini ya moyo, yule kijana akakaa kwenye sakafu ya ulingo kama mtu aliyechoka safari. Refa akamhesabia polepole, kama anahesabu mayai asije akayavunja, na kabla hajafika kumi Antoine akasimama. Sisi tulicheka tu. Tulijua raundi tatu zimebaki, na mgeni hatazimaliza.

Raundi ya sita ilipoanza, kona ya Antoine ilikuwa imelowa maji ya ndoo waliyommwagia kichwani. Tonton akamsukuma kule kule. Nilikuwa natazama miguu yake, kwa sababu nilipenda jinsi ilivyokuwa ikienda, na nikaona wazi: kiatu cha kushoto kilikanyaga maji, kikateleza. Tonton akaenda chini kwa mkono mmoja na goti moja. Ngumi ya Antoine ilikuwa mbali naye, bado iko hewani. Akainuka papo hapo, kabla sijavuta pumzi.

Refa akamrukia, akamkumbatia, akamtazama machoni mara moja, akapunga mikono juu.

"Terminé! Terminé!"

Yaani imekwisha. Tulidhani amekosea neno. Kisha akaenda kuunyanyua mkono wa Antoine, na hapo kelele ikapanda.

"Juu ya nini?" tonton alipiga kelele. "Mimi niliteleza! Iko mayi pale, angalia! Angalia basi!" Akarukaruka mbele ya refa kuonyesha kwamba miguu ni mizima. Akahesabu kwa Kifaransa toka kumi kurudi moja bila kukosea, mbele ya watu wote, bondia mzima anahesabu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Refa akatabasamu. Akampapasa shavuni kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyekataa kulala.

Kile kiganja. Nimezaa, nimezika, nimeona vita ikipita katika mji huu zaidi ya mara moja, na kile kiganja bado nakiona.

Askari wakasogea na fimbo zao, watu wakaanza kuondoka. Nyumbani mama alipakua chakula. "Kuleni kwanza, hasira itawangoja," alisema kama kawaida yake, lakini siku hiyo hata yeye hakugusa.

Jumatatu asubuhi alivaa liputa yake mpya, kitenge alichokiweka kwa ajili ya Idi.

"Mama Zaina, unaenda wapi?" papa akauliza.

"Kumuuliza yule mutu kitu kimoja."

"Achana na mambo ya wazungu. Watakufunga."

"Wakinifunga, utaniletea chakula."

Akamchukua tonton kwa mkono mmoja, mimi kwa mkono wa pili, tukaenda. Tulikaa kwenye baraza ya ofisi ile mpaka jua likawa utosini. Mwishowe tukaitwa. Refa alikuwa nyuma ya meza, na kando yake karani wetu mweusi mwenye tai, ambaye ndiye aliyetafsiri.

"Muulize," mama akasema, "mudogo yangu aliumia wapi?"

Karani akauliza. Mzungu akajibu maneno mengi, bila hasira, akicheza na kalamu yake. Karani akaangalia sakafu.

"Anasema hakumuona na kidonda. Lakini anasema, bon, mutu mweusi akipigana hajui kusema imetosha. Anasema iko sawa na mutoto. Alimusimamisha kwa faida yake, kama vile baba angefanya."

Mama hakupandisha sauti. "Mwambie Feruzi alikuwa na baba. Alikuwa anaitwa Ramazani, alikufa, tukamuzika. Hakutuachia baba mwingine."

Karani akarekebisha tai yake.

"Haujatafsiri," mama akasema.

"Mama, nihurumie. Niko na watoto."

Mama akamwachia hilo. Kisha akaomba jambo moja la mwisho: warudie pambano, Antoine angali mjini, meli yake ni ya Alhamisi. Hilo karani alilitafsiri. Mzungu akafungua mikono. Matokeo yamekwisha kuandikwa, akasema. Akarudi kwenye karatasi zake, nasi tukatoka. Njiani nililia kwa hasira mpaka kamasi zikanijaa, mama asinikataze.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halikuandikwa popote.

Jumanne jioni mtu mrefu aliingia uani kwetu, akiuliza kwa Lingala kama hapa ndipo kwa Feruzi. Mama alikuwa akitwanga. Alipomtambua, aliunyanyua mchi. Antoine akasimama palepale, kofia kifuani.

"Mama, nipige kama unataka," akasema. "Lakini niache nimuone kwanza."

Tonton akatoka ndani. Walitazamana. Jicho moja la Antoine lilikuwa limevimba bado.

"Yaya, okweyaki te," Antoine akasema. Hata mimi mtoto nilielewa: kaka, hukuanguka. "Mukono yangu haikukugusa. Nilimwambia arbitre palepale, akaniambia ninyamaze, nichukue ushindi wangu. Sasa Léo watanipigia makofi, na mimi nitajua. Sipati usingizi."

Tonton akauliza, "Ilibaki raundi ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Kesho, nikitoka kazini."

Jumatano ile nimeibeba maisha yangu yote. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja tulichochezea nzango. Wanawake wakaleta kamba zao za kuanikia nguo, zikafungwa kwenye vigingi vinne, na ulingo ukawa tayari. Hakuna aliyetangaza, lakini watu walijaa. Kisha likaja swali: nani atakuwa refa? Watu wakaangaliana. Akajitokeza papa yangu, yule yule aliyeogopa mambo ya wazungu, na saa yake ya mezani kwapani, kifuniko cha sufuria mkononi.

"Mimi nitashika saa," akasema. "Nitapiga hii ikianza, nitapiga ikiisha. Kusimamisha mutu, hapana. Si kazi yangu."

Akapiga kifuniko.

Msidhani Antoine alikuja kujiangusha kwa huruma. Alipigana kweli. Ile nusu raundi alimpasua tonton mdomo, na raundi ya saba alimpeleka mpaka kwenye kamba, nguo moja iliyosahauliwa ikadondoka. Hakuna aliyepiga kelele za matusi. Zilisikika tu pumzi zao na miguu yao ikikwaruza mchanga. Raundi ya nane tonton akaingia ndani, mahali pake pale, akapiga mbavu mara mbili. Antoine akapiga goti.

Tonton akarudi nyuma, mikono chini, akangoja. Papa akatazama saa yake, hakufungua mdomo. Hakuna aliyehesabu. Mama mmoja nyuma yangu alianza, "Basi, jameni, basi," mama yangu akamgeukia: "Nyamaza. Muache aseme mwenyewe."

Antoine akasimama. Akapigana tena, kwa muda mfupi, vizuri. Ikaja ngumi nyingine pale pale, akapiga goti mara ya pili. Safari hii akainua uso, akamtazama tonton, akagusa mchanga kwa glavu yake.

"Ekoki," akasema. Imetosha.

Yeye mwenyewe alisema. Mtu mweusi asiyejua kusema imetosha, alisema, kwa sauti yake, kiwanja kizima kikasikia. Papa akapiga kifuniko mara nyingi mpaka kikapinda. Tonton akamnyanyua mwenzake, na mama akawaosha nyuso wote wawili kwa beseni moja, akilia, akimgombeza Antoine kwa kumpasua ndugu yake mdomo. Usiku huo hatukuwa na nafasi ya kukaa, kwa watu waliokuja kula.

Alhamisi meli ikaondoka. Baadaye mtu mmoja aliyefanya kazi melini alituletea habari kwamba Antoine aliwaeleza wakubwa wa huko yaliyotokea, wakamcheka. Karatasi ilibaki kama ilivyoandikwa: Feruzi ameshindwa, raundi ya sita. Tonton aliomba pambano lingine mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa hawezi kuruhusiwa, kwa ajili ya afya yake. Afya yake! Mtu aliyekuja kufa mzee, akitafuna mifupa ya kuku kwa meno yake mwenyewe. Hakupanda tena ulingo wa kulipwa. Alirudi kwenye randa na msumeno. Wakati mwingine nilimkuta amesimama uani mbele ya kivuli chake ukutani, mikono imekunjwa ngumi, hapigi.

Wajukuu zangu leo wanatazama ngumi kwenye simu, wamelala chali, wanakula mikate. Refa akikosea wanapiga kelele nyumba nzima, wanaandika matusi kwa vidole viwili, na kabla ya chakula cha jioni wamekwisha kusahau nani alipigana na nani. Juzi niliwasimulia habari hii. Mmoja akaniambia, "Koko, ingekuwa siku hizi, wangerudisha video, wangeona kwamba aliteleza."

Nikamjibu kwamba waliona. Uwanja mzima uliona. Refa mwenyewe aliona, maana alikuwa karibu kuliko sisi wote. Video ingemwonyesha kitu gani kipya?

Kile kiwanja kimejengwa nyumba siku nyingi, na wasichana wa mtaa huu nzango hawaijui sana. Sisemi enzi zile zilikuwa njema. Mmesikia wenyewe zilivyokuwa. Lakini wajukuu wakinisogezea simu nami nikatazama, macho yangu humfuata yule aliyenyanyuliwa mkono. Namtazama anavyoruka, anavyobusu mkanda, anavyobebwa mabegani, na aliyeonewa amekaa kwenye kona yake na taulo kichwani. Nangoja amwendee, amwambie: kaka, hukuanguka. Picha inakatika, linakuja tangazo la sabuni.