Nilivyoosha tangi ya Guka

Nimeosha kitu ambacho hakikufaa kuoshwa, na saa hii tumekwama Ruiru.

Asubuhi, nyumbani Ngoingwa, nilifungua tangi ya mafuta ya ile gari kuukuu ya Guka, babu yangu. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Nikairudisha, nikajiona fundi.

Tunaenda ruracio ya kaka yangu. Guka ndiye msemaji wetu, bila yeye mahari haiongelewi.

Ghafla, harufu ya petroli. Nachungulia chini ya gari, inadondoka tu!

Guka hata hakushtuka.

"Kwani ulitoa ile sabuni?"

"Sabuni gani, Guka?"

"Niliziba shimo nayo kabla hujazaliwa."

Ngai!

Simu za wakwe haziishi.

Nani ako karibu na sabuni ya kipande? Ya kufua, tafadhali. Nimejaribu ya kuoga, Guka anasema hiyo inanukia tu.