Jogoo Walionyamaza Akheri

Niliondoka nyumbani Themi Ijumaa mchana kwa sababu ya harusi ya watu: oda ya kuku wa kienyeji, na mteja aliyebishana nami bei mpaka akachoka. Kuku wazuri wako Akheri, kwa dada yangu Mama Aneth na majirani zake. Nilikuwa nafunga matenga mawili simu ikaita. Alikuwa Aneth mwenyewe, mpwa wangu anayesoma hisabati chuoni, yuko kwao likizo.

"Shikamoo mjomba. Njoo, lakini matenga uyaache."

"Marahaba. Kuku niwabebe mfukoni?"

Hakucheka. Nikabeba tenga moja. Ndivyo ninavyoelewana na watu.

Tengeru nikapanda bodaboda. Njia ya kupanda imepita katikati ya migomba na kahawa, na siku zote kuku hukimbia mbele ya tairi kama wanadaiwa. Siku hiyo dereva hakupiga honi hata mara moja.

"Mdondo umemaliza kuku," alisema bila kugeuka. "Huku juu tumebaki na ng'ombe tu."

Getini kwa dada, Aneth alinisubiri na ndoo ya maji ya dawa. Tenga likabaki barabarani. Viatu vikaingia kwenye ndoo.

"Usione vibaya kaka," dada alisema. "Hata mchungaji amekanyaga humo."

Kahawa humpa dada hela mara moja kwa mwaka. Mayai ndiyo hununua dawa zake za presha. Nilihesabu kuku wake kupitia wavu: kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa. Aneth alikuwa amewatia chanjo jichoni, lakini ingechukua wiki mbili kushika sawasawa.

Jioni tulisimama barabarani mbele ya uzio wa jirani. Mtetea mmoja alibaki uani. Shingo ilikuwa imejipinda, jicho linatazama mawingu ya Meru, naye anarudi kinyumenyume akizunguka kitu ambacho sikukiona.

"Kesho asubuhi," Aneth alisema, "sikiliza ile nyumba ya bati jekundu."

Jumamosi kulipopambazuka nilikaa barazani. Nimelala pale miaka mingi, na miaka yote nimelalamikia kelele za majogoo. Sasa jogoo wa dada aliwika, akainamisha kichwa, akangoja kujibiwa. Kutoka kwenye bati jekundu ilikuja sauti nusu, kama mtu aliyeanza kuita jina akalisahau. Haikurudi.

Nilimgeukia Aneth. "Umejuaje?"

"Siagui, mjomba. Jumapili iliyopita walinunua mtetea mnadani. Ugonjwa hukaa ndani siku chache kabla ya kuonekana. Nilijumlisha tu."

Mnada ni wa kanisani. Baada ya ibada, sadaka za ndizi, mayai na kuku hunadiwa uani. Mwenye moyo hununua kuku na kumrudisha anadiwe tena, kwa hiyo kuku mmoja hupita mikononi mwa watu watatu, na muda wote kuku wamefungwa miguu pamoja chini ya meza.

"Kila nyumba iliyougua imeambukiza tatu," Aneth alisema. "Mbili kwa mnada. Tukiuondoa, inabaki moja."

"Moja si mbaya."

"Moja haiishi. Inatembea nyumba hadi nyumba mpaka iwamalize. Sihitaji sifuri, mjomba. Nahitaji chini ya moja."

Hiyo lugha naijua: kushusha mpaka mwenzako aone biashara hailipi. "Na hicho kipande cha kupunguza tunakitoa wapi?"

Alitazama barabarani, kwenye tenga langu, linaloingia kila ua. Nikaenda kulichoma mwenyewe.

Mchana tulimfuata Baba Nsia, mzee wa kanisa. Kuku wake walikufa Alhamisi, lakini Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno na kanisa halikuwa na paa upande mmoja. "Mnada haufutwi kwa hesabu za mtoto."

"Usiufute," nilimwambia. "Nadi kuku akiwa bandani kwake. Mnunuzi atamchukua ugonjwa ukiisha."

"Ninadi hewa?"

"Mjini watu wamenunua viwanja vya namna hiyo."

Alinitazama sana. "Basi utanadi wewe. Ukishindwa, wiki ijayo kuku wanakuja."

Jumapili nilisimama uani nikainua mikono mitupu. "Mtetea mweusi, mnene, yuko kwa Mama Aneth." Walicheka. Kisha mmoja akataja bei, mwingine akaongeza, mwingine akanunua na kumrudisha. Nilikuwa nainua kitu kisichokuwepo na macho yote yanakifuata, na mlima mzima nyuma yetu haukutoa hata mlio mmoja wa jogoo.

Jumatatu nilirudi Themi bila kuku na bila oda. Nimejifunza kwamba gonjwa nalo lina bei yake, na halijali kama mpunguzaji ni mchungaji au mchuuzi.

Tangu hapo kila asubuhi nampigia dada, naye hupeleka simu bandani. Leo wiki ya pili imetimia. Nilisikia upepo kwenye migomba, muda mrefu. Kisha jogoo wake akawika.

"Umesikia kaka?"

"Usikate," nilimwambia. "Nangoja wa pili."

Akawika wa pili. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa mbali, upande wa bondeni, anajibu.