Kadi ya Gemu Iliyoniumbua

Marafiki, leo nimeumbuka mbele ya mke wangu.

Nilimwambia nataka kompyuta ya kuandikia kitabu kabla sijafa. Jumuiya ya kanisa hata imekiombea.

Leo fundi wa kompyuta alikuja hapa kwetu mtaa wa Tena tuchague vipuri.

"Mzee, pesa inatosha kimoja. Printa, ama kadi ya kuchezea gemu?"

"Kadi!" Nilijibu haraka mno.

Mama Akinyi akanigeukia. "Baba Akinyi, kitabu ni cha gemu?"

Nikakiri hakuna kitabu. Miguu imekufa, nami natamani kuendesha gari tena, hata kama ni la kwenye skrini.

Kisha akamwambia fundi, "Weka kadi. Na mimi ndiye nitaanza. Huyu hajawahi kuniachia usukani."

Anayejua kumfundisha mke udereva bila ugomvi aniandikie upesi.